Nilijiombea visa ya Hispania ya wanaofanya kazi kwa mbali bila wakala: yaliyonikwamisha na yaliyonivusha

Bw. Msimbo aliandika:

Wakuu, habari za wakati huu.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma humu maswali ya vijana wanaoandika programu, wanaotafsiri, wanaofanya usanifu wa picha au hesabu kwa ajili ya kampuni za nje, wakiuliza namna ya kuhamia nchi nyingine bila kuacha kazi hizo, na jibu wanalopewa karibu kila mara ni "tafuta wakala". Mimi nilimtafuta. Wakala mmoja wa Dar es Salaam alinitajia dola 1,800, akanikabidhi ukurasa mmoja wenye orodha ya nyaraka. Nilipoilinganisha na orodha ya ubalozi wenyewe, ambayo mtu yeyote anaipata bure, nikakuta ni ile ile, ila amedondosha mambo mawili: hifadhi ya jamii na uthibitisho kwamba kampuni ninayoifanyia kazi imekuwepo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hayo mawili ndiyo yaliyokuja kuwa mzigo mkubwa kuliko mengine yote. Hapo nikaamua kuomba mwenyewe. Visa niliipata mwaka 2024 na uzi huu ninauandika nikiwa Valencia.

Nianze na sheria, kwa kuwa wengi wanaomba bila kujua wanaomba kitu gani. Visa hii ilizaliwa na Sheria namba 28 ya mwaka 2022, ya kuhimiza kampuni changa, iliyopitishwa Hispania mwezi Desemba mwaka huo. Sheria hiyo iliingiza vifungu vya 74 bis hadi 74 quinquies katika sheria ya zamani zaidi, namba 14 ya mwaka 2013. Vifungu hivyo ni vifupi. Nilivisoma vyote kwa jioni moja kwa msaada wa programu ya kutafsiri, na ninawasihi mfanye hivyo kabla ya kumlipa mtu yeyote hata shilingi moja, kwa sababu karibu kila swali nililoulizwa dirishani baadaye lilikuwa limeandikwa mle.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuomba ubalozini katika nchi unayoishi kihalali, na hapo unapewa visa ya hadi mwaka 1. Ya pili ni kuomba ukiwa tayari ndani ya Hispania kihalali, kwa mtandao, katika kitengo cha serikali cha vibali vya ukaazi kinachojulikana kwa ufupi kama UGE, na hapo unaweza kupewa kibali cha hadi miaka 3. Mtandaoni utaona Wamarekani wengi wakisifia njia ya pili, na wana haki ya kuisifia, maana wao huingia Hispania bila visa. Sisi tunahitaji visa ya Schengen hata kwa matembezi. Ukienda kumwambia afisa kwamba unakwenda kutembea wiki mbili huku moyoni umepanga kuhamia, umeanza safari kwa maneno mawili yasiyolingana, na sipendi kumshauri ndugu yangu aanze hivyo. Isitoshe, maombi ya UGE yanahitaji saini ya kielektroniki ya Hispania, ambayo mgeni aliyefika jana kwa kawaida hana. Mimi nilikwenda ubalozini, na mwaka wangu ulipokaribia kwisha ndipo nilipoomba kibali cha miaka 3 nikiwa ndani. Dirisha la kuomba hufunguka siku 60 kabla visa haijaisha.

Kuhusu kipato, sheria haitaji kiasi cha fedha. Kinachotumika katika utekelezaji wake ni asilimia 200 ya kima cha chini cha mshahara cha Hispania. Mwaka 2024 kima hicho kilikuwa euro 1,134, na Wahispania hukihesabu kwa malipo 14 kwa mwaka, si 12. Ukizidisha kwa 14, ukagawanya kwa 12, kisha ukazidisha kwa 2, unapata euro 2,646 kwa mwezi. Mwaka 2025 kima kilipanda hadi euro 1,184, hivyo kiwango kikawa takriban euro 2,763. Anayezidisha 1,134 kwa 2 peke yake anapata 2,268, anafurahi kwamba amevuka, kumbe bado. Kosa hili nimeliona kwa watu wawili ninaowafahamu. Kiwango hiki hubadilika karibu kila mwaka, kwa hiyo anayekipita kwa euro 10 tu ajihesabu kuwa hajakipita.

Sasa nije kwenye barua, na hapa nitakaa kidogo.

Mimi si mwajiriwa. Nina mkataba wa huduma na kampuni moja ya Toronto, ninawatumia ankara kila mwisho wa mwezi, wananilipa kwa dola za Marekani. Nilipowaomba barua, waliniandikia aya moja nzuri sana kwamba wananifahamu, kwamba ninafanya kazi vizuri, na kwamba wananitakia heri. Barua hiyo haikutaja Hispania hata mara moja. Kwa afisa wa ubalozi, ilikuwa barua ya mtu anayeomba kazi nyingine. Niliwarudishia nikiwa nimeandika mwenyewe rasimu: kazi yangu ni ipi hasa, uhusiano wetu ulianza tarehe gani, maana sheria inataka uwe na miezi 3 au zaidi kabla ya kuomba, ninalipwa kiasi gani na kwa utaratibu gani, kwamba kazi yote inafanyika kwa kompyuta na intaneti, na kwamba kampuni inaniruhusu kwa maandishi kuifanya nikiwa Hispania. Waliisaini siku ya pili. Ndugu zangu, msiwaachie watu wa ofisi ya ajira watunge barua hii. Wao hawajui afisa anatafuta nini, nanyi mmeshasoma sheria.

Uthibitisho wa uhai wa kampuni ulitoka kwa msajili wa Ontario, ukiwa na tarehe ya kuandikishwa. Nilibahatika kwa tarehe: Kanada ilikuwa imeanza kutumia Mkataba wa Hague wa apostili, yaani muhuri wa kuthibitisha nyaraka unaotambuliwa na nchi za mkataba huo, tarehe 11 Januari 2024, kwa hiyo karatasi ile ilihitaji muhuri mmoja tu wa apostili badala ya mzunguko wa ofisi za kule na ubalozi wa Hispania.

Hifadhi ya jamii ndiyo iliyoninyima usingizi. Hispania inataka kujua ni nchi gani itakayokuhesabu wewe kama mchangiaji wakati unaishi kwake. Kama nchi ya mwajiri wako ina mkataba wa hifadhi ya jamii na Hispania, mwajiri anaweza kuleta cheti kwamba unaendelea kuchangia huko. Tanzania na Hispania hazina mkataba wa namna hiyo, na mimi sikuwa mchangiaji wa mfuko wa Kanada. Kwa hiyo mlango uliobaki ulikuwa ule wa mtu aliyejiajiri: nilisaini tamko kwamba nitajiandikisha katika mfumo wa Hispania wa waliojiajiri, wenyewe wanaita autónomos, kabla sijaanza kufanya kazi nikiwa huko. Tamko ni ukurasa mmoja, lakini ni ahadi ya kweli, na nilipofika niliitimiza. Kwa anayejiandikisha kwa mara ya kwanza, mchango wa miezi 12 ya mwanzo ni wa unafuu, karibu euro 80 kwa mwezi, halafu unaanza kupanda kulingana na kipato halisi. Aliyejiajiri anaruhusiwa pia kufanya kazi za wateja wa Hispania, mradi zisizidi asilimia 20 ya shughuli zake zote.

Sasa niwaeleze kuhusu majina, maana hili halikuwemo katika orodha yoyote niliyoisoma. Pasipoti yangu ina majina matatu: langu, la baba na la babu. Cheti cha chuo kina langu na la babu. Mkataba wa Toronto una langu na la baba. Kwetu nyumbani hakuna anayeshangaa, kila mtu anajua ni mtu mmoja. Lakini Mhispania ana jina lake, kisha ukoo wa kwanza wa baba na ukoo wa pili wa mama, na fomu zao zina visanduku viwili vya ukoo. Siku ya miadi, dada aliyekuwa dirishani hakuanza na taarifa za benki kama nilivyotarajia. Alitoa pasipoti, mkataba na cheti cha chuo, akavipanga kando kwa kando juu ya meza, akapitisha ncha ya kalamu juu ya jina katika kila karatasi, taratibu, na alipofika kwenye cheti cha chuo kalamu ikasimama. Akaniuliza kwa utulivu, "Huyu ni nani?" Nilikuwa nimekwisha kuapa mbele ya wakili kwamba majina hayo matatu ni ya mtu mmoja, hati ya kiapo imepita wizarani na imetafsiriwa, nikamsogezea. Akaisoma yote, akaibana juu ya cheti, akaendelea. Bila karatasi ile ningerudishwa nyumbani siku hiyo.

Kwenye benki, tatizo langu lilikuwa dogo lakini la kuudhi. Ankara yangu ilikuwa dola 3,400, na kilichoingia ni dola 3,372, mwezi mwingine 3,365, kwa sababu benki za katikati hukata chao njiani. Mtu asiyenijua angesema ankara ni za uongo. Niliandaa jedwali la ukurasa mmoja: tarehe ya ankara, kiasi cha ankara, tarehe ya kuingia, kiasi kilichoingia, makato. Miezi 6 tu. Ukurasa huo haukuombwa na mtu, ila ulimwokolea afisa kazi ya kukokotoa, na naamini ulinisaidia.

Cheti cha polisi cha tabia njema hutolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole, na kinahitajika kwa kila nchi uliyoishi katika miaka 2 iliyopita, pamoja na tamko lako mwenyewe kwamba huna rekodi ya jinai kwa miaka 5. Kwa kuwa Tanzania haikuwa katika Mkataba wa Hague nilipoomba, nyaraka za nyumbani zilipita Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Hispania ukathibitisha muhuri wa wizara, kisha zikatafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa na serikali ya Hispania. Fuateni mpangilio huo huo. Mimi nilitanguliza tafsiri ya cheti cha chuo, na muhuri wa wizara uliokuja baadaye nao ukahitaji kutafsiriwa, nikalipa mara mbili. Cheti cha polisi kiwe cha mwisho kuombwa, maana huchakaa kwa tarehe kuliko nyaraka nyingine.

Bima ya afya nilikata ya kampuni inayoruhusiwa kufanya kazi Hispania, isiyo na sehemu ya mgonjwa kuchangia. Bima ya safari haikubaliki. Ada ya ubalozi haikufika euro 100.

Sheria inampa afisa siku 10 za kazi kutoa uamuzi. Ukikataliwa, una mwezi 1 kuomba uamuzi uangaliwe upya, na miezi 2 kwenda mahakamani, mahakama ya Madrid. Wakikuomba nyongeza, huwa wanakupa siku 10, na siku hizo zinakwenda haraka mno kama karatasi inayotakiwa iko Dodoma au Toronto.

Ulizeni, nitajibu kwa kadiri ninavyojua.

---

Bi Mwangaza aliandika:

Asante sana, ndugu Msimbo, kwa maelezo haya ya kina. Mimi niko Nairobi na nimeajiriwa kwa mshahara na kampuni ya hapa hapa, ninakatwa NSSF na SHIF kila mwezi, na bosi wangu hana shida nikifanya kazi nikiwa nje. Mshahara unavuka kiwango ulichotaja. Je, karatasi ya NSSF itatosha kuwa uthibitisho wa hifadhi ya jamii, ama nahitaji kitu kingine?

---

Bw. Msimbo aliandika:

Dada Mwangaza, umegusa penyewe. Karatasi ya NSSF inaonyesha kwamba unachangia Kenya, lakini haiifungi Hispania, kwa sababu Kenya na Hispania hazina mkataba wa hifadhi ya jamii. Katika Afrika, nchi zenye mkataba huo na Hispania ni chache, kama vile Moroko, Tunisia na Cabo Verde. Kwa hiyo mwajiriwa wa Nairobi hana pa kukipata kile cheti cha kuendelea kuchangia nyumbani.

Zinabaki njia mbili. Mwajiri wako anaweza kujiandikisha katika hifadhi ya jamii ya Hispania kama mwajiri na kukuchangia huko. Kisheria inawezekana, ila ni kazi na ni gharama, na kampuni nyingi za kwetu zitasita zikiona kiwango cha mchango wa mwajiri. Njia ya pili ni kubadilisha uhusiano wenu uwe mkataba wa huduma, wewe uwe aliyejiajiri. Hapo nakusihi ufikirie kwa makini kabla ya kusaini, kwa sababu unapoteza likizo yenye malipo, notisi, kiinua mgongo na haki nyingine za mwajiriwa wa Kenya, na ukirudi nyumbani baada ya mwaka mmoja huenda mwajiri asitake kukurudisha ulikokuwa. Halafu mkataba mpya nao unapaswa kuwa na miezi yake 3 kabla ya maombi, kwa hiyo usiombe wiki moja baada ya kuubadilisha. Ningekuwa wewe, ningemwomba mwajiri maandishi ya namna ya kurudi kazini kabla ya kugusa mkataba wa sasa.

---

Mzee wa Mezani aliandika:

Mkuu, uzi ni mzuri na nimeuhifadhi, lakini niseme upande wa pili bila kukuvunja moyo. Si kila mtu ana muda wa kusoma sheria ya Kihispania, na si kila wakala ni mwizi. Mdogo wangu alijiombea mwenyewe visa ya nchi nyingine, akakosea karatasi moja, akakataliwa, na sasa kila fomu inayouliza "umewahi kunyimwa visa?" lazima aweke ndiyo. Wakala mzuri angemwepushia hilo. Gharama ya kukosea ihesabiwe pia.

---

Bw. Msimbo aliandika:

Mzee wangu, nakubaliana nawe kwamba gharama ya kukosea ni kubwa, na sijasema mawakala wote ni wezi. Ninachosema ni kwamba katika visa hii, kazi ngumu hakuna wakala anayeweza kukufanyia. Barua ya mteja lazima utoke nayo wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayezungumza na mteja. Majina yasiyolingana ni yako, unayajua wewe. Makato ya benki yako kwenye akaunti yako. Wakala anapokea hivyo vyote kutoka kwako, anavipanga na kuvibana. Kama unaona kupanga peke yake ni mtihani, lipia kupangiwa, lakini hakikisha umeisoma kila karatasi kabla haijaingia ndani, maana saini ni yako.

Kuna mahali nililipa mtu, na ningelipa tena: kodi. Nilipofika Valencia nilimlipa mhasibu wa huko, wenyewe wanamwita gestor, anijazie fomu 036 ya mamlaka ya kodi na kuniandikisha kwenye hifadhi ya jamii siku ile ile. Ukikaa Hispania zaidi ya siku 183 katika mwaka wa kalenda, unahesabiwa mkazi wa kodi na kipato chako cha dunia nzima kinatozwa huko. Upo utaratibu maalumu wa kodi ya asilimia 24 hadi euro 600,000, na walioajiriwa wenye visa hii wanaweza kuuomba ndani ya miezi 6 tangu waandikishwe kwenye hifadhi ya jamii. Mimi niliyejiajiri nilishauriwa kwamba haunihusu, kwa hiyo ninalipa kwa viwango vya kawaida vinavyopanda kadiri kipato kinavyopanda. Pigeni hesabu hii kabla ya kufunga mizigo. Euro 2,763 kabla ya kodi na mchango si fedha nyingi katika mji ambao kodi ya nyumba inapanda kila mwaka.

---

Mpwani wa Muscat aliandika:

Assalaam alaykum ndugu Msimbo, na Mungu akulipe kwa faida hii. Mimi asili yangu ni Pemba, pasipoti ya Tanzania, nimeishi Oman miaka 6 na nina kadi ya ukaazi. Ninafanya tafsiri za nyaraka za kampuni mbili, moja ya Uingereza na moja ya Ujerumani. Je, ninalazimika kurudi Dar es Salaam kuomba?

---

Bw. Msimbo aliandika:

Waalaykum salaam ndugu yangu. Hulazimiki. Maombi hupelekwa katika ubalozi wa Hispania wa mahali unapoishi kihalali, na kadi yako ya ukaazi ndiyo ushahidi, mradi haiko ukingoni mwa kuisha. Cheti cha polisi kitakuwa cha Oman, kwa kuwa ndiko ulikoishi miaka 2 iliyopita yote. Una nafuu kwamba Oman imo katika Mkataba wa Hague tangu mwaka 2012, kwa hiyo apostili moja inatosha. Lakini kama cheti chako cha elimu ni cha Tanzania, hicho kitafuata njia ndefu ya wizara na ubalozi kule nyumbani, na karatasi hiyo ndiyo uianze kesho, kabla ya kitu kingine chochote, kwa kumpa ndugu unayemwamini idhini ya maandishi akushughulikie.

Kuhusu wateja wawili, wakusanyie nyaraka wote wawili kwa ukamilifu: mkataba, barua ya ruhusa, na uthibitisho wa kampuni. Kama kipato cha mteja mmoja peke yake kinavuka kiwango, wengine humtegemea huyo mmoja na kumweka wa pili kama nyongeza. Mimi ningewaleta wote wawili kikamilifu, ili kila fedha inayoonekana kwenye akaunti iwe na mwenyewe.

---

Kijana wa Kacyiru aliandika:

Habari kutoka Kigali. Mimi sina shahada, niliacha chuo mwaka wa pili. Nimekuwa nikitengeneza tovuti kwa miaka 5, mitatu katika kampuni moja ya hapa na miwili kwa mteja wa Ubelgiji. Naweza kuomba?

---

Bw. Msimbo aliandika:

Unaweza. Sheria inataka shahada au mafunzo ya ufundi kutoka taasisi inayotambulika, au uzoefu wa kazi usiopungua miaka 3 katika fani ile ile. Uzoefu wako unatosha kwa maandishi, ila uzoefu unathibitishwa na mtu mwingine, hauthibitishwi na wasifu ulioandika mwenyewe. Iombe ile kampuni ya Kigali barua yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, cheo na kazi uliyofanya, ikiwa na muhuri na saini ya mtu mwenye mamlaka. Iombe sasa, wakati waliokufahamu bado wako ofisini. Mtu akiwa na hati za malipo ya mshahara au makato ya hifadhi ya jamii ya miaka hiyo, aziambatanishe, kwa sababu barua peke yake inaweza kutiliwa shaka, bali makato yaliyoandikwa na taasisi ya umma ni vigumu kuyapinga.

Na una bahati nyingine: Rwanda imo katika Mkataba wa Hague, ulianza kutumika kwenu tarehe 5 Juni 2024, kwa hiyo hutazunguka kama tulivyozunguka sisi.

---

Mtafuta Njia aliandika:

Mkuu, kwa nini Hispania na si Mauritius au Ureno? Nasikia Mauritius ni bure kabisa.

---

Bw. Msimbo aliandika:

Ni kweli kwamba visa ya Mauritius ya kukaa mwaka 1, iliyoanzishwa mwaka 2020, nilipoichunguza haikuwa na ada, iliombwa kwa mtandao, na kiwango chake cha kipato kilikuwa dola 1,500 kwa mwezi. Kwa mtu anayetaka mwaka mmoja wa kubadilisha mazingira, ningemwambia aanzie huko bila kusita. Ureno inataka mara 4 ya kima chake cha chini, ambayo kwa mwaka 2025 ilikuwa euro 3,480, na mimi sikuifikia. Hispania niliichagua kwa sababu miaka ya kibali hiki inahesabika kuelekea ukaazi wa kudumu wa baada ya miaka 5, nami nilikuwa natafuta mahali pa kukaa na familia.

---

Baba Naima aliandika:

Hapo kwenye familia ndipo nilipokuwa nangojea, mkuu. Nina mke na mtoto mmoja wa miaka 4. Kipato kinapaswa kuongezeka kiasi gani, na je, mke ataruhusiwa kufanya kazi au atakaa nyumbani tu?

---

Bw. Msimbo aliandika:

Ndugu Baba Naima, juu ya asilimia 200 yako unaongeza asilimia 75 ya kima cha chini kwa mtu wa kwanza na asilimia 25 kwa kila anayefuata. Kwa hesabu ya mwaka 2025, ni euro 2,763 zako, euro 1,036 za mkeo na takriban euro 345 za mtoto, jumla karibu euro 4,144 kwa mwezi. Wanaweza kuomba pamoja nawe au kukufuata baadaye. Mimi nilitangulia peke yangu kwa sababu kipato changu hakikutosha kwa sote watatu wakati ule, na wakanifuata malipo ya mkataba wangu yalipoongezwa.

Mkeo anaruhusiwa kufanya kazi Hispania, kwa kuajiriwa au kujiajiri, bila kuomba kibali kingine cha kazi. Utahitaji cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kutoka RITA, wakala wa usajili wa serikali ya Tanzania, na vyote vipitie wizarani, ubalozini na kwa mfasiri, kama nilivyoeleza. Angalia kwanza jina lako kwenye cheti cha mtoto. Kwenye cha binti yangu nilikuwa nimeandikwa kwa majina mawili wakati pasipoti ina matatu, na ile hati ya kiapo niliyoapa kwa ajili ya cheti cha chuo haikukitaja cheti cha mtoto, ikabidi niape upya na kuipeleka tena wizarani. Ukienda kwa wakili, mpe karatasi zote za familia kwa pamoja, ili kiapo kimoja kizitaje zote.